Gari ya zamani inavuta na kuachia ukiwa haiwei: mwongozo kamili wa kutafuta tatizo kabla hujanunua spea

Wakuu, hii ni kwa wenye Corolla za 100 na 110, Carina, Corona Premio ya kwanza, Starlet, Mark II na ndugu zao wa miaka ya 90. Gari ambayo mjini inaenda vizuri kabisa, haizimi, haitoi moshi, ila ukitoka nje ya mji ukashika 90 au 100, mguu umetulia kwenye pedeli, inaanza kuvuta kidogo afu inaachia, inavuta inaachia, mpaka abiria wanaanza kukuangalia. Unaipeleka gereji, fundi anapiga resi ikiwa imesimama, inaitika safi, anakwambia gari nzima hii. Au anaanza kubadilisha tu, leo plagi, kesho sensa ya oksijeni, wiki ijayo pampu, baadae nozeli, hela inaisha na gari iko vilevile.

Hili tatizo linapimika. Na la kwanza kabisa la kushika ni kwamba huu mvuto una mdundo, na mdundo una maana yake. Kitu kikifa moja kwa moja injini inakosa nguvu basi, haipandi na kushuka. Ikipanda na kushuka kwa mpangilio, ama kuna kitu kinapungua kinarudi kinapungua tena (mafuta, mara nyingi), ama kuna kontroli boksi (kompyuta ya injini) inarekebisha inapitiliza inarekebisha tena, ama kuna kitu kinajiwasha na kujizima kama AC au loku-apu ya gia boksi (kile kifungio cha otomatiki kinachoshikanisha injini na gia boksi moja kwa moja). Ukijua mdundo unachukua muda gani, na unabadilika vipi ukigusa pedeli na swichi, unakuwa umeshafuta zaidi ya nusu ya vitu ambavyo fundi angekuuzia.

Hakikisha kwanza ndo tatizo lenyewe

Kumisi sio hiki. Gari inayomisi inagonga, inastuka kwa ukali, na mara nyingi hata sailensi (injini inawaka bila kukanyagwa) inatetemeka. Hiki tunachoongelea ni laini zaidi, kama mtu anakanyaga na kuachia pedeli wakati wewe mguu hujausogeza.

Kuna nyingine resi inapanda na kushuka ikiwa imesimama, 1000 mpaka 1800 hivi, hiyo ni habari ya sailensi, hewa inaingia isikotakiwa au vavu ya sailensi ni chafu. Njia yake ni tofauti, usichanganye na hii.

Na kuna gia boksi inayoteleza. Hapo mshale wa resi unapanda ila mwendo hauongezeki. Ukiona hivo acha kuhangaika na injini, kaangalie oili ya gia boksi, rangi yake na harufu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, tatizo umeshalijua.

Vifaa vya kuwa navyo

Multimita, na kama unaweza kupata ile ya mshale usiidharau, kuna kipimo huko chini ambacho ya namba inachelewa kuonyesha. Geji ya presha ya mafuta yenye hozi ndefu na kiunganishi cha T. Geji ya vakyumu (ile nguvu ya injini kunyonya hewa), ambayo ni bei rahisi na inasema mengi. Kipande kifupi cha waya, chupa safi ya kioo, spana za kawaida, tochi. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono, sio kwenye buti chini ya mizigo, maana tutafungua mipira ya petroli. Kile kifaa kidogo cha bluetooth cha kusoma kodi (namba za hitilafu) kwa simu kinasaidia kwenye gari za 2000 na kuendelea, ila gari nyingi zilizotoka Japani kabla ya hapo kinagoma kuzisoma hata kama soketi inaingia. Usidhani kontroli boksi imekufa, zinaongea lugha nyingine tu.

Hatua ya 1: jaribio la barabarani, watu wawili

Hii ndo hatua watu wengi wanairuka na ndo yenye majibu mengi. Tafuta kipande kilichonyooka na chenye magari machache, asubuhi mapema. Wa Dar ukishapita Mlandizi kuelekea Chalinze ukivizia muda ambao malori yamepungua, wa Nairobi barabara ya Mombasa ukishapita Emali. Mmoja anaendesha na macho yake yako barabarani muda wote. Mwingine anaandika, anapiga video ya mshale wa resi na kuhesabu sekunde. Usijaribu kufanya vyote mwenyewe ukiwa kwenye 100.

Shika mwendo ambao tatizo linatokea, mguu utulie. Msaidizi aandike mvuto mmoja mpaka mwingine ni sekunde ngapi. Baada ya hapo, kimoja kimoja:

Zima AC. Compresa ya AC inajiwasha na kujizima, na kwenye injini ndogo kama 4E-FE ya Starlet kila ikishika unaisikia mwilini. Mdundo ukipotea na AC imezimwa, na ulikuwa wa mara moja kwa sekunde kumi, ishirini hivi, basi injini yako haina shida, kaangalie gesi ya AC na klachi ya compresa.

Kwa otomatiki, bado uko kwenye mwendo ule ule, gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto, kiasi cha kuwasha taa za breki tu, gari isipungue. Swichi ya breki inaiambia gia boksi iachie loku-apu, utaona resi inapanda kama 200 mpaka 400. Mvuto ukipotea kabisa muda huo breki imeguswa ukarudi ukiachia, mshukiwa wako ni loku-apu au kinachoiamuru. Bonyeza pia kitufe cha O/D (ovadraivu, gia ya juu kabisa) mpaka taa ya O/D OFF iwake, uone kama kuna tofauti.

Kanyaga zaidi, nusu au robo tatu. Hapa ndo njia panda yenyewe. Mvuto ukiisha na gari ikavuta vizuri, tatizo liko kwenye mwendo wa mguu mwepesi, yani sensa, marekebisho ya kontroli boksi, EGR (vavu inayorudisha moshi kidogo kwenye injini) kama gari inayo, au sehemu moja iliyolika ya sensa ya throto (throto ni ule mlango wa hewa unaofunguliwa na pedeli). Ukizidi au gari ikakataa kabisa kuongeza, tatizo ni kukosa kitu, yani mafuta hayafiki ya kutosha, au moto wa plagi unashindwa kwenye mzigo, au egzosti imeziba.

Angalia na muda. Ikianza tu pale unapofika 100 ni habari moja. Ikianza baada ya dakika kumi, kumi na tano za mwendo, ukapunguza ikapona, ukaongeza ikarudi, hiyo ni harufu ya mafuta kutofika. Andika tanki lilikuwa na mafuta kiasi gani, na mshale wa joto ulikuwa wapi, tena uangalie hasa mkiwa mnashuka mteremko mrefu.

Ukirudi nyumbani na karatasi yako hiyo tayari uko mbele ya mafundi wengi.

Hatua ya 2: soma kodi kwa waya

Kwenye Toyota za miaka ya 90, chini ya boneti kuna kiboksi kimeandikwa DIAGNOSIS, ukifungua mfuniko wake ndani kuna ramani ya matundu. Swichi ikiwa OFF, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Kuwa makini, ukikosea ukaunganisha B+ na E1 unaunguza fyuzi au kibaya zaidi. Washa swichi ON bila kuwasha injini, AC na vingine vyote vimezimwa, angalia taa ya cheki injini. Ikipepesa haraka haraka kwa usawa bila kusimama, hakuna kodi. Kama ipo itapepesa tarakimu ya kwanza, itasubiri kidogo, afu ya pili. Mfano mara mbili, kimya, mara moja, hiyo ni 21.

Zinazohusiana na habari yetu: 14 ni signo ya moto wa plagi, 21 sensa ya oksijeni, 22 sensa ya joto la maji, 25 hewa nyingi mafuta kidogo, 26 kinyume chake, 31 sensa ya vakyumu au mita ya hewa, 41 sensa ya throto, 42 sensa ya mwendo, 52 sensa ya kugonga. Gari zenye soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi unaunganisha namba 13 na namba 4.

Kodi inakwambia ni saketi gani kontroli boksi hairidhiki nayo. Haikwambii kanunue hiyo sensa. 21 na 25 hasa zimewapotezea watu hela nyingi sana, nitaeleza mbele kwa nini. Na kukosa kodi sio ushahidi kwamba gari nzima, pampu ya mafuta dhaifu haina kodi yake kwenye gari hizi.

Hatua ya 3: mafuta. Hapa kaa muda mrefu

Kama jaribio lako lilisema ukikanyaga inazidi, au inaanza baada ya dakika kadhaa, anzia hapa na usitoke mpaka umepima. Kwa gari za kwetu nadhani hii ndo sehemu ya kuitilia mashaka kabla ya zote, kwa sababu tanki zina miaka 25 na zaidi, zimeendeshwa na taa ya mafuta inawaka nusu ya maisha yao, na ndani kuna kutu na uchafu unaokaa kwenye chujio dogo la mdomoni mwa pampu. Mjini injini inakunywa kidogo, chujio linapitisha. Kwenye 100 inataka mengi kwa mfululizo, uchafu unavutwa unabana, presha inashuka, injini inalegea, unaachia mguu, uchafu unadondoka, gari inapona. Mdundo wako huo.

Anza na vya bure. Gari ikianza kuvuta na kuachia, simama pembeni pa usalama, fungua mfuniko wa tanki taratibu. Ikivuta hewa kwa nguvu kwa sekunde kadhaa, na baada ya hapo gari ikaenda vizuri kilomita kadhaa kabla ya kurudia, njia ya hewa ya tanki imeziba. Kamlio kadogo ni kawaida. Kuziba huku kunatoka kwenye mfuniko ambao sio wake, au mipira ya kuelekea lile kopo la mkaa kwenye boneti imekunjwa au imezibwa na mtu.

Afu toa petroli kiasi kwenye chupa ya kioo, iache itulie. Maji yatakaa chini na utaona mstari. Harufu ya mafuta ya taa nayo haijifichi. EWURA, wasimamizi wa nishati na maji Tanzania, walianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya kupambana na uchakachuaji, ila chupa yako ndo inakupa jibu la tanki lako wewe leo.

Sasa presha. Kabla ya kufungua popote punguza presha kwanza, chomoa rile au fyuzi ya pampu, washa injini iache ijizime yenyewe. Funga geji kwa kiunganishi cha T kwenye njia ya kuingia reli ya nozeli, klipu zikazwe, hozi iwe ya petroli kweli sio ya maji. Kwenye injini ya 5A-FE na ndugu zake nyingi, ikiwa sailensi na hozi ya vakyumu imechomekwa kwenye regyuleta (inayodhibiti presha ya mafuta) utegemee kama 30 mpaka 37 psi, ukichomoa hiyo hozi ipande mpaka 38 hadi 44. Ukichomoa hiyo hozi angalia ndani, kukiwa na petroli inalowesha, utando wa regyuleta umepasuka, hapo hapo umepata tatizo.

Lakini presha nzuri ikiwa imesimama haitoshi, na hapa ndo gereji nyingi zinaishia wanasema pampu nzima. Inabidi uione kwenye mzigo. Pitisha hozi ndefu, geji ikae nje ya kioo cha mbele imebanwa na waipa na kufungwa vizuri, isije ikaingizwa ndani ya gari hata siku moja, hozi ikichomoka umemwagiwa petroli kwenye miguu. Nendeni barabarani. Unavyokanyaga vakyumu inapungua, kwahiyo presha inatakiwa ipande kuelekea ile 38 hadi 44 na ikae hapo. Ikishuka pale gari inapolegea, tena mshale ukishuka kabla ya gari kulegea, umemaliza ubishi, ni mafuta. Isiposhuka kabisa, achana na pampu, usiinunue.

Ikishuka, usikimbilie pampu bado. Badilisha chujio kubwa kwanza, kwenye Corolla hizo liko chini ya boneti karibu na ukuta unaotenganisha injini na ndani ya gari. Likate la zamani uone kilichotoka upande wa kuingilia. Afu pima umeme unaofika kwenye pampu yenyewe injini ikiwa inawaka, linganisha na wa betri. Tofauti ikizidi volti 1 hivi, waya, rile, soketi au ethi ya pampu inakula umeme na pampu mpya nayo itakuwa dhaifu vilevile. Nimeona pampu zikibadilishwa na tatizo likabaki kwa sababu ya ethi yenye kutu chini ya siti ya nyuma. Baada ya hapo ndo ufungue tanki, uangalie chujio la ndani, uoshe tanki, na ukikuta pampu ni mbovu kweli, ukinunua ya mtumba Ilala ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi jaribu kabla hujalipa, wengi huchukua nusu lita ndani ya sekunde 30 kama kiwango cha chini.

Nozeli chafu nazo zinaleta hali hii ila mara nyingi na sailensi inakuwa mbaya pia. Kuziosha kwenye mashine inayopima kiasi kinachotoka ni bora kuliko kumwaga dawa kwenye tanki lenye uchafu, maana dawa inaenda kubandua huo uchafu wote kwa pamoja na kuupeleka kwenye chujio.

Hatua ya 4: sensa, kama ukikanyaga mvuto unaisha

Sensa ya throto. Hii inalika pale inaposimama muda mrefu zaidi, na kwa gari iliyotembea haiwei miaka yote hapo ni pale pale mguu unapokaa kwenye 90 mpaka 100. Kama soketi ina pini za VC, VTA, IDL na E2, swichi ON, pima VTA na E2. Imefungwa utegemee kama volti 0.3 hadi 0.8, imefunguliwa yote 3.2 hadi 4.9. Ila kinachotafutwa ni katikati, fungua throto polepole sana kwa mkono na uangalie mshale wa multimita. Upande bila kustuka. Ukidondoka ghafla sehemu moja afu ukaendelea, hiyo sensa imekufa hapo, hata kama kodi 41 haipo.

Sensa ya vakyumu. Kuna kaboksi kadogo kana waya tatu na mpira mwembamba unaokwenda kwenye manifoldi. Huo mpira kwanza, upapase wote, ukunje, angalia ncha zake, joto la injini linaukausha unapasuka. Injini ikiwa haijawashwa na swichi ON, ukipima pini za PIM na E2 inatoa kama volti 3.3 hadi 3.9 ukiwa usawa wa bahari, ukiwa Nairobi au Mbeya itakuwa chini ya hapo na ni sawa, hewa ni nyepesi. Gari zenye mita ya hewa kwenye bomba baada ya eakilina, hapo mpira mkubwa ukipasuka kati ya mita na throto hewa inaingia bila kuhesabiwa, na ufa unakuwa chini usikouona mpaka uuchomoe. Usimnyime fundi wako nafasi ya kuuchomoa.

Sensa ya oksijeni, ndo ile niliyoahidi. Injini ipate joto, shika 2500 kwa dakika mbili, pima waya wa signo. Inatakiwa icheze kati ya volti 0.1 na 0.9, ivuke 0.45 kwenda na kurudi angalau mara 8 ndani ya sekunde 10. Ikicheza polepole imechoka. Ikiganda chini, kodi 21 au 25 zinakuja na kila mtu anasema badilisha. Subiri kwanza. Puliza kidogo kabu klina kwenye njia ya hewa. Volti ikiruka mpaka 0.8 na zaidi, sensa iko hai na inasema ukweli, injini inakosa mafuta kweli, rudi hatua ya 3. Isipotikisika, hapo ndo imekufa. Angalia na manifoldi ya egzosti kama ina ufa kabla ya sensa, hewa inayovutwa pale inadanganya.

Jaribio rahisi la barabarani, chomoa soketi ya sensa ya oksijeni uendeshe. Kontroli boksi inaacha kurekebisha inatumia hesabu zake za kudumu. Mdundo wa sekunde moja mbili ukipotea, ulikuwa unatoka kwenye yale marekebisho. Irudishe baadae, usiiache hivo, gari itakunywa.

Tahadhari moja, Corona Premio na Carina nyingi za soko la Japani zenye 7A-FE ni zile za lini-bani, zimetengenezwa kuchoma hewa nyingi sana na mafuta kidogo kwenye mwendo mwepesi. Sensa yao ni ya aina nyingine, vipimo vya 0.1 hadi 0.9 haviwahusu. Na mchanganyiko ule ni mgumu kuwaka, kwahiyo plagi za bei chee na waya za zamani ambazo Corolla 100 ingevumilia, hizi zinaleta mvuto haiwei bila kumisi popote pengine. Weka plagi za platinamu za namba yake kabla ya kufungua kitu chochote.

Hatua ya 5: moto wa plagi

Haraka haraka. Plagi, mwanya wake ufuate stika au kitabu cha injini, nyingi zinaangukia 0.8 hadi 1.1 mm. Waya za plagi, kila mmoja usizidi kΩ 25. Kepu ya distributa na rota, tafuta mistari myembamba myeusi. Usiku kwenye giza pulizia maji kidogo kama ukungu juu ya waya injini ikiwa inawaka, bila kugusa, umeme unaovuja utauona unang'aa. Taimingi, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa, 4A, 5A na 7A za kawaida zinasoma nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Bila kuunganisha utasoma namba isiyo na maana, na ndo chanzo cha taimingi nyingi zilizovurugwa.

Hatua ya 6: themostati, hii inaniuma

Kwetu fundi akiona gari inachemsha kitu cha kwanza anatoa themostati anaitupa, "huku joto haihitajiki". Inahitajika. Bila themostati ukiwa haiwei upepo unapiga rejeta, maji yanazunguka muda wote, injini inashindwa kufika joto lake. Kontroli boksi inaona baridi, inaongeza mafuta, na kwenye otomatiki inazuia loku-apu na ovadraivu mpaka joto lifike kiwango chake. Sasa ukiwa unapanda joto linafika inaruhusu, ukishuka linapungua inazuia, resi inapanda na kushuka yenyewe na wewe unafukuzana na injini. Kuna waliofungua gia boksi kwa tatizo hili.

Utaijua kwa kuangalia mshale wa joto, unashuka kwenye miteremko au usiku. Asubuhi washa gari ya baridi, shika mpira wa juu wa rejeta, ukianza kupata joto taratibu tangu mwanzo pamoja na injini, themostati haipo au imekwama wazi. Ukinunua mpya ijaribu kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, ya gari hizi nyingi inaanza kufunguka 80 hadi 84. Pima na sensa ya joto la maji, kwenye maji ya nyuzi 20 utegemee kΩ 2 hadi 3, kwenye 80 ishuke mpaka 0.2 hadi 0.4. Na kama gari ilikuwa inachemsha, tafuta kwa nini, rejeta, feni, gasketi, usiirudishe bila kutibu hilo.

Kama joto liko sawa na jaribio la breki lilionyesha loku-apu, badilisha oili ya gia boksi kwa aina yake, angalia swichi ya breki kama inaguswa guswa bila sababu, na sensa ya mwendo. Toki konvata (kiungo cha injini na gia boksi, loku-apu iko ndani yake) iwe ya mwisho.

Hatua ya 7: egzosti na hewa

Masega (katalitiki, ile ya kusafisha moshi kwenye egzosti) yaliyoziba hayaleti mdundo mkali, zaidi gari inakataa kuongeza na inachoka kadri unavyoenda. Funga geji ya vakyumu kwenye manifoldi. Sailensi usawa wa bahari utegemee inchi 17 hadi 21 za zebaki, ukiwa juu kama Mbeya toa kama inchi 5. Shika 2500 na usubiri, mshale ukishuka taratibu wenyewe, moshi hautoki vizuri. Kuhakikisha, chomoa sensa ya oksijeni uweke geji kwenye tundu lake, kwenye 2500 ikizidi psi 3 imeziba. Masega hayazibi yenyewe, mara nyingi injini ilikuwa inakula oili au inamisi muda mrefu, kwahiyo hilo nalo litibiwe.

Hewa inayovuja kwenye manifoldi wengi wanaanza nayo. Mimi naiweka mwisho, kwa sababu ufa mdogo unasumbua zaidi kwenye sailensi ambapo hewa ni kidogo. Kwenye 100 injini inavuta hewa nyingi na ule ufa unakuwa sehemu ndogo sana. Sailensi ikiwa safi na haiwei mbaya, sio mshukiwa mkubwa. Kagua tu na mauntini za injini, ikicheza sana inavuta kebo ya mafuta.

Kwa wenye kabureta, Corolla KE70, Peugeot 504 na wenzake, hesabu ni ileile ila vitu vichache: kiwango cha mafuta kwenye bakuli, jeti kuu yenye uchafu, utando wa pampu ya mafuta, mpira laini unaojibana wenyewe ukivutwa. Na kuna moja inasahaulika, ndani ya distributa yenye vakyumu kuna waya mwembamba unaokunjwa kila sahani ikizunguka, unakatika ndani ya ngozi yake. Gari imesimama nzima, haiwei vakyumu inavuta sahani, waya unaachia. Vuta ile hozi kwa mdomo au pampu ya mkono injini ikiwa inawaka, ikistuka au ikizima umeipata.

Hatua ya 8: kuhakikisha imepona

Toa waya wa TE1, chomoa fyuzi ya EFI kwa sekunde 10 na zaidi ili kodi zifutike, rudisha. Endesha mjini kawaida siku moja mbili kontroli boksi ijifunze upya. Afu rudini barabara ile ile, mwendo ule ule, tanki liwe na kiasi kile kile cha mafuta kama siku ya jaribio la kwanza, maana chujio la ndani likiwa ndo tatizo tanki likijaa linaweza kujificha. Fanya jaribio lote la hatua ya 1 tena, AC, breki, O/D, kukanyaga, na muende zaidi ya ule muda ambao zamani ilikuwa inaanza. Geji ya presha kama bado unayo iache imefungwa kwa safari hiyo, na kabla ya kuitoa punguza presha tena, kaza klipu, washa injini na upitishe tochi kwenye kila kiungo kuangalia kama kuna unyevu wa petroli.